Nati Tisa za Mlango wa Injini

Filamu ya mdogo wangu ilikuwa mbovu, na kulikuwa na hatari kubwa kwamba watu wangeipenda. Wakiipenda, anaacha kazi. Akiacha kazi, mke wake na watoto wanatolewa kwenye nyumba, maana nyumba ni ya kazi. Hiyo ndiyo shida yenyewe, na sina haja ya kuizungushia maneno.

Mdogo wangu ni fundi wa lifti. Jengo analolihudumia lina ofisi kuanzia chini mpaka juu, na kwa nyuma, karibu na chumba cha mashine, mwajiri amempa vyumba viwili na jiko ili lifti ikikwama na watu ndani asiwe mbali. Ni kazi nzuri. Mimi nanyoosha bodi za magari yaliyogongwa. Kazi nzuri naijua nikiiona, kwa sababu yangu si hiyo.

Tangu ujana mimi na yeye tuna ugonjwa mmoja. Kulikuwa na mfululizo kwenye televisheni kuhusu chombo cha anga kilichopotea njia katikati ya nyota, na waliomo wanatafuta namna ya kurudi nyumbani. Ulikatwa kabla ya mwisho. Nahodha amesimama mbele ya mlango wa injini, Mhandisi yuko upande wa pili, moshi umejaa, na basi. Wiki iliyofuata wakatuwekea mashindano ya kuimba. Mpaka leo hakuna aliyetuambia kama mlango ulifungwa.

Watu wengine wangesahau. Sisi hatukusahau, na baadaye tukagundua kwamba tuko wengi. Tunajiita Abiria. Kwa kuwa wenye Mfululizo hawakuumaliza, Abiria wanaumalizia wenyewe: gereji, jikoni, kwenye ngazi za majengo, kwa mashuka na tochi na makopo yaliyopakwa rangi ya fedha. Halafu tunakutana Jumamosi mchana kwenye darasa la shule ya udereva, chini ya picha za alama za barabarani, tunatazama na kuhukumu. Mwenye shule ndiye mwenyekiti wetu. Tunamwita Mwalimu.

Hukumu ina taratibu zake. Waliotengeneza filamu wanakaa kwenye benchi wakitazama ukuta, migongo kwa watu, na hawaruhusiwi kutoa neno mpaka mjadala uishe. Utaratibu huo uliletwa baada ya mtu mmoja kurusha kiti. Kwanza yanatajwa makosa: yeyote aliyeona kitu kisicholingana na Mfululizo anasimama na kukisema. Kisha waamuzi watatu wanasema yao. Mwisho watu wananyoosha mikono, ndani au nje. Filamu iliyo ndani inaingia kwenye maktaba yetu. Na ikitokea filamu isiyo na kosa hata moja, darasa zima husimama, na filamu hiyo inahesabiwa kuwa Sehemu, kana kwamba wenye Mfululizo ndio walioitengeneza. Kitu hicho kilikuwa hakijawahi kutokea.

Mdogo wangu alitaka Sehemu. Alitengeneza mwisho wenyewe, ule wa mlango. Yeye alikuwa Nahodha, na mimi nikawa Mhandisi kwa sababu gereji ni yangu. Akatangaza kazini, kwa mkewe, kwa mama yetu, kwa kila aliyekuwa na masikio:

"Wakisimama, Jumatatu namuaga bosi. Nitakuwa mtu wa filamu. Lifti ilikuwa bahati mbaya tu."

Mlango wa injini tuliutengeneza kwa boneti mbili za gari la mizigo. Dirisha lake ni mlango wa mashine ya kufulia ya mama, ambayo ilikuwa bado inafua. Nilipomaliza kuchomelea, mdogo wangu alikuja na picha aliyoichapisha, akapima, akaniambia nati moja imekaa pembeni kwa upana wa kidole. Nikang'oa. Nikachomelea upya. Siku nyingine akaja kuniambia rangi ni ya kijivu cha mvua na yeye anataka kijivu cha risasi. Nikapuliza upya. Kwa mambo hayo sikumlaumu, maana hata mimi ningeona.

Shida ilikuwa alipofungua mdomo.

Nimelala chini upande wa pili wa kioo, nakosa hewa, natoa macho kama samaki, na yeye anatakiwa kuniaga. Rafiki yake wa maisha. Akaweka mkono kwenye kioo na kusema maneno yake kwa sauti ileile ya lifti inapotangaza kwamba mlango unafungwa. Tulirudia mpaka kiuno kikaniuma.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "unaniaga au unatangaza ghorofa?"

"Nahodha ni mtu wa kujizuia."

"Mtu anajizuia akiwa na kitu ndani. Wewe umesimama tu."

"Kaka, wewe nyoosha bati. Filamu waachie Abiria."

Siku hiyo yote hakuniambia kitu kingine isipokuwa "sogea" na "washa".

Filamu ilipokamilika, mkewe alinifuata gereji. Si kawaida yake. Alisimama mlangoni, mkoba kifuani, akasubiri nizime mashine.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Kuna usalama?"

"Na wewe ni mmoja wao, niambie ukweli. Watasimama?"

"Filamu ni mbovu."

"Hilo najua, naonyeshwa kila siku kabla ya kula. Nimeuliza kama watasimama."

Nikafuta mikono huku nafikiri. Nilipitia kichwani mkanda, taa, viatu, moshi, mlango.

"Kila kitu kiko sahihi," nikasema. "Ndiyo maana naogopa."

"Yaani mtu anaacha kazi yenye nyumba kwa sababu nati ziko sahihi?"

"Hujawaona hao watu."

"Basi zungumza na mkeo. Si mwamuzi yule?"

Mke wangu ni mwamuzi, tena yule anayeogopwa. Kazi yake ni kushona sare, za wanafunzi na za walinzi, na sare zetu za kwenye chombo alizishona yeye. Abiria wanamwita Msumeno. Alishona lakini alikataa kuitazama filamu kabla ya siku yake. Nilijaribu kumwingia asubuhi, yuko kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Mama, kuhusu ile filamu ya shemeji yako..."

Akatoa pini. "Usiniambie kitu. Nikishajua mnachotaka, na mimi nitakuwa nimekaa kwenye benchi lenu."

"Sisi wenyewe hatutaki kitu kimoja."

"Ndiyo maana nimesema usiniambie."

Akarudisha pini.

Jumamosi darasa lilijaa. Mdogo wangu alivaa sare yake kamili. Taa zikazimwa, filamu ikachezwa, watu wakakaa kimya kabisa, na ukimya wa Abiria unatisha kuliko kelele, maana unajua kila mmoja anawinda kosa. Ilipoisha tukaelekea kwenye benchi. Mbele ya pua yangu kulikuwa na picha ya gari linaloteremka mteremko mkali.

"Makosa," akasema Mwalimu.

Wa kwanza alikuwa Nati. Huyo anafanya kazi stoo ya dawa, anahesabu vidonge siku nzima, na akitoka huko anakuja kutuhesabia sisi. Jina hilo alijitafutia mwenyewe.

"Mkanda!" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekamata mwizi. "Kifungo kiko kushoto. Nahodha anatumia mkono wa kulia."

"Aliungua mkono wa kulia kwenye sayari ya chumvi," akajibu mwanamke nyuma. "Tangu hapo anafunga kushoto. Kaa chini, Nati."

Kicheko.

"Taa za korido ni za kijani," akasema mwingine. "Zilikuwa za bluu."

"Betri kubwa ilikufa. Za kijani ni za akiba."

"Aa. Kweli. Naondoa."

"Mhandisi amenenepa," ikatoka sauti ya kijana. "Yule wa kwenye Mfululizo hakuwa na tumbo."

Darasa likaangua kicheko. Mimi niko ukutani, siruhusiwi hata kugeuka nimwone.

"Tumbo si kosa," akasema Mwalimu. "Miaka imepita. Endeleeni."

Wakaendelea. Kila aliyesimama alikalishwa, na waliomkalisha hawakuwa sisi, walikuwa wenzake. Nilijua filamu hii. Nilijua hakuna watakachokipata.

Nati akaomba picha ya mlango isimamishwe. Nikasikia viatu vyake vikienda mpaka kwenye ukuta wa projekta, na kidole chake kikigonga ukuta.

"Moja. Mbili. Tatu..." Alihesabu taratibu, darasa zima likihesabu naye kimoyomoyo. "Nane. Tisa. Ni tisa. Halafu jamani..." Kidole kikagonga tena. "Jamani, ya tisa ni ndogo kuliko nyingine. Ni ile aliyoibadilisha Mhandisi kwenye ile sehemu ya wizi wa maji. Wamekumbuka na hiyo!"

Watu wakapiga makofi. Mtu mzima nyuma yangu alipenga kamasi. Mimi niliyeichomelea nati hiyo nilitamani ningekuwa nimeikosea. Pembeni yangu mdogo wangu alikuwa ameng'ang'ania benchi kwa mikono miwili, nikadhani ni raha.

"Makosa mengine?" akauliza Mwalimu.

Nikasikia viti vikisogezwa, watu wanajiandaa kusimama. Nikawafikiria watoto wa mdogo wangu na yale magodoro yao mawili yaliyobanana chini ya dirisha.

"Waamuzi."

"Mimi sina neno," akasema wa kwanza. "Nimesubiri kitu hiki tangu nina nywele."

"Sehemu," akasema wa pili. "Hakuna mjadala."

"Wa tatu ana ndugu kwenye benchi," akasema Mwalimu. "Yeye mwenyewe ameniomba nimruke. Mnasemaje?"

"Mwacheni Msumeno aseme!" Alikuwa Nati, furaha imempanda kichwani. "Filamu ya mtoto wa dada yake aliikata mpaka mtoto akatoka analia. Atampendelea shemeji?"

Hakuna aliyepinga. Nikasikia mke wangu anasimama, maana kiti chake kina mguu mmoja unaolia.

"Sina kosa la kutaja," akasema. "Yote ni sahihi. Nina swali, na nauliza darasa, siulizi benchi. Nahodha alipofunga mlango, alimwambia nini Mhandisi?"

Nikasikia watu wanageukiana vitini.

"Swali gani tena hilo?" akasema mtu.

"Jepesi. Tumesubiri maneno hayo miaka yote. Tumegombana hapahapa juu ya Nahodha angesema nini, kuna watu walinuniana mpaka wakahama viti. Leo ameyasema, mbele yetu, sasa hivi. Kasema nini?"

"Alisema kitu... kuhusu hewa," akasema Nati.

"Hapana, kuhusu njia ya kurudi."

"Si alimwambia kwaheri?"

"Kwaheri hakusema. Au alisema?"

"Nati," akasema mke wangu, "wakati Mhandisi anakufa wewe ulikuwa unatazama nini?"

"Mlango."

"Na wewe bwana hapo?"

"Taa."

"Na mimi nilikuwa natazama mshono wa bega, maana uliniharibikia mara mbili. Mtu amekufa pale, ndiye tuliyemlilia tangu siku tulipokatiwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwona. Ndiyo hayo tu."

Kiti kikalia tena. Kisha darasa likachafuka.

"Hiyo haimo kwenye taratibu! Sisi tunahukumu makosa!"

"Lakini kweli, kasema nini?"

"Irudishwe basi tusikie!"

"Ukirudisha ili usikie, si ndiyo hoja yake hiyo?"

"Huyu mama anatuharibia siku! Filamu haina kosa, filamu ni Sehemu, simameni!"

Wengine wakasimama, wengine wakabaki wamekaa, waliosimama wakawavuta mashati waliokaa. Mwalimu akawa anagonga meza kwa ufunguo wa gari. Katikati ya zogo hilo nikasikia mtu anacheka karibu yangu, nikageuza shingo licha ya taratibu. Alikuwa mdogo wangu. Alikuwa amegeuka kabisa, amekaa ameupa ukuta mgongo, anawatazama.

"Hata mimi sikumbuki nilichosema," akasema. "Na niliyaandika mwenyewe."

"Benchi halisemi!" akapiga kelele Mwalimu.

"Najua. Basi hesabuni hilo kuwa ni kosa letu. Likiwapo kosa, si Sehemu tena."

"Kosa linakuwa kwenye filamu!" Nati alikuwa karibu kulia. "Kaka, usifanye hivyo! Nati tisa! Na ile ndogo!"

"Naiona kazi yenu, na asanteni," akasema mdogo wangu. "Lakini nawaomba, iwekeni nje. Mikono."

Walinyoosha polepole, kwa kutazamana, kama watu wanaoombwa kushika mnyama wasiyemjua. Nje ilishinda. Nati aliinua mkono wa ndani peke yake na hakuushusha hata baada ya Mwalimu kumaliza kuhesabu.

Tulitoka uani, kwenye yale magari ya kufundishia yenye usukani uliochakaa. Mdogo wangu akakaa kwenye boneti ya mojawapo. Nilingoja anitukane, au amtukane mke wangu.

"Umekasirika?" nikauliza.

"Kaka, walipopiga makofi kwa ajili ya ile nati ndogo, niling'ang'ania benchi kwa mikono miwili. Nilijiambia ni furaha. Halafu nikajikuta ndani ya moyo naomba mtu asimame apinge. Mtu yeyote. Hata yule aliyekusema tumbo."

"Sasa si ungesema tu umebadili mawazo?"

"Nimwambie nani? Nimeshatangazia dunia nzima, mpaka mlinzi wa getini ananiuliza nitamkumbuka nikishakuwa mkubwa. Usiku silali, nahesabu Jumatatu inakuja." Akafungua kifungo cha kola. "Nilichotaka ni ule mlango ufungwe. Basi. Umefungwa, nimeuona, nimepumua. Kuigiza sijui."

"Hujui."

"Ungesema kwa upole kidogo."

"Nilikwambia ukaniambia ninyooshe bati."

Akacheka. Ukiacha kile cha darasani, sikuwa nimesikia kicheko chake cha kweli tangu tulipong'oa mlango wa mashine ya mama.

Mkewe alikuwa amesimama getini na mke wangu. Hakuwahi kuingia darasani, alisema moyo wake haungeweza. Mke wangu alipomweleza, alikaa pale pale ukingoni mwa barabara, akavua viatu, akaviweka mapajani, akaanza kucheka na machozi yanamtoka.

"Nilishaanza kufunga vyombo," akasema. "Sufuria kubwa ziko kwenye maboksi. Leo tumekula kwa sahani za plastiki, na baba yao hata hakuuliza kwa nini."

"Niliona," akasema mdogo wangu. "Niliogopa kuuliza."

Simu yake ikalia. Lifti ya pili imekwama na kuna mtu ndani.

"Nani yumo? Mama mwenye mtoto? Nipe niongee naye, weka sauti kubwa." Akashuka kwenye boneti. "Mama, shikamoo. Usiogope. Mimi ndiye fundi, niko njiani, na hiyo lifti naijua kama mkono wangu. Haishuki, haiendi popote. Mkalishe mtoto chini, kaa naye, mwambie kuna mtu anakuja. Usikate simu. Niko hapa hapa na wewe."

Akaondoka akikimbia, simu sikioni, bado yuko ndani ya sare ya Nahodha yenye mabega ya fedha, watu wanampisha barabarani. Tuliendelea kuisikia sauti yake mpaka alipokata kona. Mke wangu alinitazama, na mimi nikamtazama.

Jumatatu alikwenda kazini kama kawaida.

Gharama tuliyolipa ni hii. Mke wangu aliondolewa kwenye uamuzi; Nati alileta hoja kwamba ameuliza jambo lisilo kwenye taratibu, na waliomuunga mkono walikuwa wengi. Kiti chake amepewa mtu asiyeuliza maswali. Filamu haimo maktabani na haitaingia, kwa hiyo Abiria wapya wakija wanaambiwa kwamba mwisho bado haujatengenezwa. Nati alikuwa akija kwetu kila sikukuu na zawadi za watoto, siku hizi akituona sokoni anageukia upande wa pili. Mama anafua kwa mkono. Mdogo wangu hakutia mguu nyumbani kwetu kwa muda mrefu, maana kumshukuru mke wangu kulimshinda na kumnunia pia kulimshinda, na alipokuja alikaa karibu na mlango akanywa chai haraka. Kwa hiyo: kiti kimoja, filamu moja, mashine moja, rafiki mmoja, na ndugu niliyemkopesha kwa miezi kadhaa kisha nikarudishiwa.